Kairouan: Mji na Pindo Lake

Msafiri atokaye Tunis, mji mkuu wa Tunisia, akielekea kusini, huiacha bahari nyuma yake na kuingia katika uwanda mpana wenye rangi ya ngano iliyoiva. Akisha kwenda kiasi cha kilometa 150 huona mbele yake mstari wa ukuta wa matofali, mnara mmoja mzito wa pembe nne, na makuba meupe yaliyochomoza juu ya mapaa bapa. Huo ndio mji wa Kairouan. Hauna mto, hauna bandari, wala hauna mlima wa kuukinga na upepo. Jemadari Uqba ibn Nafi aliuanzisha mwaka 670 uwe kituo cha majeshi ya Waarabu katika Afrika ya Kaskazini, nao ukakua hata ukawa mji wa wanazuoni, wafanya biashara na mafundi.

Wengi huujua mji huu kwa ajili ya msikiti wake. Jumapili hii, hata hivyo, twamwalika msomaji aingie Kairouan kwa mlango mwingine. Mwezi wa Aprili 1914 mji huu ulizaa picha za rangi za maji, ndogo kuliko ukurasa wa gazeti hili, zilizojaa miraba na vipande vya rangi mithili ya zulia au mkeka. Waliozichora walikaa mjini siku tatu tu. Lakini picha zao zimedumu zaidi ya miaka mia moja na kuvuka vita vikuu viwili, ilhali karatasi na rangi ya maji ni miongoni mwa vitu dhaifu kabisa vitengenezwavyo kwa mkono wa binadamu. Namna zilivyotengenezwa ni somo moja. Namna zilivyotunzwa ni somo la pili, nalo lamhusu kila mzazi aliyepata kubandika ukutani picha ya mwanawe, kisha akaiona ikififia na kujikunja kabla mwaka haujaisha.

MJI ULIOPANGWA KWA MIRABA

Ndani ya kuta za mji wa kale vichochoro vyapinda huku na huku. Nyumba ni kama masanduku meupe yaliyopakwa chokaa, yameegemeana bega kwa bega, na katika weupe huo milango ya buluu na ya kijani imekaa kama viraka vilivyoshonwa kwa makusudi. Jua likiwa utosini kuta hung'aa hata macho yakauma. Jioni kuta zizo hizo hugeuka, huu ukawa wa waridi, ule wa zambarau, na wa tatu wa rangi ya chungwa, kwa kadiri kila mmoja unavyoupokea mwanga. Chokaa ni ile ile, lakini rangi ni nyingi.

Msikiti Mkuu ulijengwa upya kuanzia mwaka 836 na watawala wa ukoo wa Aghlabi. Ndani yake mna mamia ya nguzo za marumaru na mawe mengine magumu, nyingi zikiwa zimechukuliwa katika magofu ya majengo ya Kirumi. Kwa kuwa zilitoka mahali mbalimbali, nguzo hizo hazifanani kwa rangi, na vichwa vyake vimechongwa kwa mitindo tofauti. Mafundi walizisawazisha hata zikasimama katika safu zilizonyoka. Kwenye mihrabu vimepachikwa vigae vya kung'aa vya karne ya 9, kila kimoja kikiwa kimesimamia pembe yake, mfano wa ubao wa dama uliogeuzwa upande.

Huko madukani mgeni hukaribishwa na mazulia. Zulia la Kairouan hufumwa kwa mafundo, na kazi hiyo aghalabu hufanywa na wanawake. Zulia lenye mafundo 20 kwa kila sentimeta 10, kwenda mapana na kwenda marefu, huwa na mafundo 40,000 katika meta moja ya mraba, na kila fundo ni nukta moja ya rangi. Katikati hukaa umbo kubwa lenye pembe. Kandokando hupita mistari ya mapambo, mmoja ndani ya mwenzake, mpaka ukingoni. Mistari hiyo ndiyo fremu ya zulia. Pasipo mistari hiyo nakshi ya katikati ingeonekana kana kwamba imekatwa tu kutoka nguo kubwa zaidi.

Mama zetu hawahitaji kufunzwa jambo hili. Kanga ina mji na ina pindo. Mji ndio uwanja wa katikati penye maua au maumbo. Pindo ndilo liuzungukalo mji na kuushika. Hapana mwanamke wa pwani akubaliye kanga iliyokatwa pindo. Msomaji na ayaweke maneno hayo mawili moyoni, mji na pindo, kwa kuwa tutayarejea katika habari ya picha.

WAGENI WATATU

Tunisia ya mwaka 1914 haikuwa huru. Wafaransa walikuwa wakiitawala tangu mwaka 1881, na uhuru ulipatikana tarehe 20 Machi 1956. Wachoraji wa Ulaya waliofika huko zama za ukoloni aghalabu walichora yale waliyotoka nayo kwao vichwani: ngamia, vitambaa vya kujifunika, na masoko yenye vumbi. Picha za namna hiyo zilitundikwa katika sebule za watu wenye mali huko Ulaya, zikawatumbuiza bila ya kuwafunza kitu juu ya wenyeji wa nchi.

Tarehe 7 Aprili 1914 wachoraji watatu walishuka melini Tunis. Wa kwanza alikuwa Paul Klee, mtu wa miaka 34, mzaliwa wa Uswisi, mwana wa mwalimu wa muziki, naye mwenyewe mpiga fidla hodari. Wa pili alikuwa August Macke, Mjerumani wa miaka 27. Wa tatu, Louis Moilliet, Mswisi wa miaka 33, alikuwa amepata kuizuru nchi hiyo kabla. Walichora Tunis na vitongoji vyake, tarehe 14 wakafika Hammamet kwenye ufuko wa bahari, na kesho yake wakaingia Kairouan.

Hadi wakati huo Klee alijulikana zaidi kwa michoro ya kalamu na wino mweusi. Mstari alikuwa ameumudu. Rangi ilikuwa imemshinda kwa miaka mingi. Katika shajara yake, chini ya tarehe 16 Aprili, aliandika kwamba rangi sasa imemshika, hana haja tena ya kuikimbilia, naye amekuwa mchoraji. Wataalamu wameonyesha kwamba sehemu za shajara hiyo aliziandika upya baadaye, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mtu alilala bila rangi akaamka nayo. Ushahidi ulio bora zaidi ni picha zenyewe, na hapa tutazitaja tatu.

Picha ya Hammamet na msikiti wake, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, yaonekana kana kwamba ni picha mbili. Sehemu ya juu yaonyesha msikiti na minara, kila kitu kikitambulikana. Sehemu ya chini ni vipande vya rangi vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Ukijua kwamba ni bustani utaona bustani. Usipojua utaona kiraka cha waridi karibu na kiraka cha kijani.

Picha ya pili yaitwa Mbele ya Malango ya Kairouan. Humo makuba yamekuwa madogo kama punje, wanyama wachache wapita uwandani, na sehemu iliyobaki, ardhi na mbingu pamoja, imegawanywa katika vipande vyepesi vya rangi. Katika picha ya tatu, ambayo Klee aliiita kwa jina lenye maana ya mtindo wa Kairouan uliopunguzwa ukali, hamna tena kuba, wala mnyama, wala lango. Mna vipande vya rangi, vingi vya pembe nne, vikiitikiana. Zote hizi ni za mwaka huo mmoja wa 1914, na katika tatu hizo twamwona mtu akiivua picha nguo moja moja mpaka ikabaki mpangilio peke yake.

PICHA ISIYO NA MTU

Hapana shaka wako wasomaji watakaouliza: Picha isiyo na mtu wala mti yaonyesha nini? Swali hilo ni la haki, na mfanya kazi atokaye kazini amechoka hana wajibu wa kusifu kitu asichokielewa.

Jibu laweza kupatikana katika muziki. Taarabu ya Unguja huanza kwa bashrafu. Bashrafu haina maneno, haisimulii mapenzi wala msiba, lakini hapana aliyepata kumsimamisha mpiga udi ili amwulize bashrafu hiyo yasema nini. Twasikia sauti ikipanda na kushuka, ikirudi ilikotoka kwa njia nyingine, nasi twaridhika. Klee, ambaye alipiga fidla maisha yake yote, alitaka rangi zifanye kazi hiyo hiyo. Mraba wa buluu ni sauti. Mraba wa buluu hafifu ulio karibu nao ni sauti hiyo hiyo iliyopunguzwa. Chungwa kidogo pembeni ni ngoma iliyoingia ghafula.

Na zaidi ya hayo, twapaswa kuona jambo hili bila kufumbwa macho na sifa za Ulaya. Katika vitabu vingi picha za Kairouan huhesabiwa miongoni mwa hatua za kwanza za sanaa dhahania, kana kwamba miraba ilizaliwa siku wageni walipofika. Vigae vya mihrabu vilikuwa vimekwisha kukaa ukutani kwa miaka zaidi ya elfu moja. Wafumaji wa mazulia walikuwa wakipanga rangi bila ya mtu wala mti kwa vizazi vingi, na waliofanya hivyo hawakujiona kuwa wamevumbua kitu cha ajabu. Kwetu pia, msuka mikeka ya ukindu na mchonga milango ya Unguja na Lamu wanajua kwamba nakshi yaweza kusimama peke yake. Klee mwenyewe hakuuficha ukweli huo, kwani katika ile picha ya tatu aliliandika jina la mji. Lakini majina ya mafundi wa mji hayakuandikwa, nasi twalisema hapa ili deni hilo lijulikane.

MAJI, GUNDI NA UNGA WA RANGI

Sasa natuitazame kazi yenyewe. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa laini mno ukachanganywa na gundi ya mgunga. Gundi hiyo hutoka katika migunga ya nchi kavu za Afrika. Sudan ndiyo itoayo nyingi kuliko nchi nyingine zote, na migunga ya jamii hiyo humea hata katika nyika za Tanzania. Maji yakitiwa, rangi huyeyuka. Maji yakikauka, gundi huushika unga juu ya karatasi. Rangi ya mafuta hufunika kilicho chini yake. Rangi ya maji hupitisha mwanga, mwanga ukagonga karatasi na kurudi. Kwa hiyo nyeupe ya picha ni karatasi yenyewe, na mahali palipokwisha kutiwa giza hapawezi kurudishwa weupe wake.

Mtu atakaye kutengeneza picha ya miraba kwa njia hii hahitaji vitu vingi: karatasi nene, penseli, burashi mbili, kisanduku cha rangi, na bakuli mbili za maji, moja ya kuoshea na moja ya maji safi. Karatasi nyepesi hujikunja ipatapo maji. Dawa yake ni kuilowesha kwanza pande zote mbili, kuilaza juu ya ubao, na kuishika kandokando kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Ikikauka hukaza kama ngozi ya ngoma. Klee, kwa kuwa alikuwa safarini, aliishika karatasi yake kwenye ubao kwa ugwe wa mpira. Katika baadhi ya picha za Tunisia bado waonekana mstari mtupu usio na rangi pale ugwe ulipopita, naye hakujali kuuziba.

Baada ya hapo mistari huchorwa kwa penseli bila kukandamiza. Miraba isipimwe kwa rula. Miraba iliyopimwa hugeuka kuwa sakafu ya vigae, lakini iliyochorwa kwa mkono huwa na pumzi, huu ukiwa mpana kidogo na ule mwembamba kidogo, kama nyumba za Kairouan zilivyo. Rangi nyepesi hutangulia. Mraba mmoja hupakwa, ule wa jirani ukaachwa, kwa kuwa rangi mbichi ikigusana na rangi mbichi huingiana. Kilichopakwa kikikauka kabisa, jirani yake hupata zamu. Tena mkono waweza kupitisha rangi nyembamba ya pili juu ya ile ya kwanza. Manjano ikipitiwa na buluu huzaa kijani ambayo haikuwamo katika kisanduku. Kazi hii yataka subira kuliko kipaji. Watoto huharibu picha zao si kwa kukosa akili bali kwa kutongoja zikauke.

Jambo la mwisho ni kujua pa kuacha. Miraba michache iliyoachwa nyeupe huipa picha madirisha ya kupumulia. Picha iliyojazwa kila mahali huwa nzito.

BAADA YA APRILI

Klee aliondoka Kairouan tarehe 17 Aprili pamoja na wenzake, na siku mbili baadaye akaiacha Tunisia. Mwishoni mwa Julai mwaka huo vita kuu vya kwanza vilizuka. August Macke aliitwa jeshini, akauawa katika mapigano huko Champagne, Ufaransa, tarehe 26 Septemba 1914. Ilikuwa imepita miezi mitano tu tangu jua la Kairouan, naye alikuwa bado na miaka 27. Hakupata nafasi ya kuzikuza nyingi za zile picha za maji zikawa kubwa. Mengi aliyoyaona Tunisia yamebaki katika karatasi hizo nyepesi. Lau zingalitupwa au kulowa, mengi yangalipotea.

Klee aliitwa jeshini mwaka 1916. Hakupelekwa mstari wa mbele. Alitiwa katika karakana ya ndege za vita, akipaka rangi mabawa, na baadaye akawa karani katika chuo cha marubani. Huko alipata mabaki ya kitani kilichotumika kufunikia ndege, akayafanya mahali pa kuchorea rangi za maji wakati usio wa kazi.

Ni hapa tunapokutana na pindo. Klee hakuihesabu picha kuwa imekwisha mara rangi ikaukapo. Aliitazama, na mara nyingine aliikata kwa mkasi, akatenga kipande kilichomridhisha, au akakipa kipande kingine maisha yake. Kisha aliigundisha karatasi ile juu ya kadibodi nyepesi iliyo kubwa kuliko picha, akaacha nafasi pande zote. Aghalabu alipiga mstari wa wino juu na chini, na chini ya mstari akaandika jina la picha, mwaka na namba. Namba hiyo iliingizwa katika daftari la kazi zake zote, ambalo alilianza mwaka 1911 na kulishika hata mwisho wa maisha yake. Daftari likafika kazi zaidi ya 9,000.

Mtu aweza kuona hiyo kuwa kazi ya karani. Lakini kadibodi iliifanya karatasi isishikwe kwa vidole wala kukunjika, nafasi tupu iliifanya picha ndogo ionekane kama mji wenye uwanja mbele yake, na jina na namba viliifanya isipotee miongoni mwa karatasi nyingine. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza Klee katika kazi yake ya ualimu Düsseldorf, naye akarejea Uswisi. Mwaka 1937 kazi zake 17 zilitundikwa München katika maonyesho yaliyokusudiwa kuwadhihaki wachoraji wa namna yake. Alifariki tarehe 29 Juni 1940. Mwaka 2005 jumba la kuhifadhi kazi zake lilifunguliwa Bern, lenye picha na michoro kiasi cha 4,000, na ile ya Mbele ya Malango ya Kairouan imo humo.

ADUI WATATU WA KARATASI

Kutoka Bern na turudi nyumbani, kwa maana katika miji yetu ya pwani karatasi ina adui watatu, na familia haina budi kuwajua.

Wa kwanza ni mwanga. Jua hula rangi. Baadhi ya rangi, kama zile za udongo, huvumilia miaka mingi. Baadhi ya nyekundu na wino wa kalamu za rangi za watoto hufifia upesi. Kioo cha kawaida hakizuii jambo hilo. Ndiyo maana majumba ya makumbusho huzionyesha picha za maji kwa muda mfupi katika mwanga hafifu, kisha huzirudisha kabatini. Watoto waweza kulijaribu hili: wapake mistari ya rangi zao kwenye karatasi, wafunike nusu kwa kadibodi nene, na waiache dirishani miezi miwili. Kadibodi ikiondolewa watajua rangi ipi ni rafiki wa kweli.

Wa pili ni unyevu. Wakati wa masika karatasi hunywa maji ya hewani ikatanuka, na jua lirudipo hunywea. Picha iliyogundishwa pande zote nne hukunjamana kwa kukosa nafasi, na ile iliyogusana na kioo hushikamana nacho na kuota madoa ya ukungu. Wadudu nao hupenda karatasi na gundi zilizo mahali penye unyevu na giza.

Wa tatu ni tindikali, na huyu hukaa ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi ya bei nafuu hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na baadhi ya vitu vya mti hugeuka vikawa tindikali na kuichoma karatasi polepole. Msomaji na aliache gazeti hili lenyewe juani siku chache, ataliona likigeuka manjano. Kadibodi ya maboksi ya dukani nayo ni ya ukoo huo huo. Ikiwekwa nyuma ya picha, huipitishia uchomaji huo mpaka doa la kahawia likatokea mbele. Karatasi ya pamba hudumu zaidi.

KAZI YA FREMU

Kwa fundi wa fremu mazungumzo aghalabu huwa ya namna hii. "Fundi, habari za kazi? Nitilie picha hii kioo." "Salama, ndugu yangu. Na nyuma niweke nini?" "Weka chochote, mradi ifungike." Hicho chochote ndicho kiuacho picha. Mteja ambaye yu tayari kulipia mbao zilizong'arishwa hukataa kulipia kadibodi safi, na mwaka wa pili hurudi akilalamikia fremu.

Kwanza, mchague fundi kadibodi nyeupe isiyo na tindikali kama ipatikana. Isipopatikana, atie walau karatasi nzuri ya pamba kati ya picha na kadibodi ya nyuma. Pili, picha isigundishwe yote. Vipande viwili vya karatasi nyepesi vyatosha, vishikwe nyuma ya ukingo wa juu kwa gundi ya unga wa ngano, ili picha ining'inie na kutanuka ipendavyo. Gundi hiyo huondoka kwa maji siku ihitajikapo, ilhali utepe wa plastiki wa kunatisha huacha doa lisilotoka.

Tatu, juu ya picha huwekwa kadibodi nyingine iliyokatwa dirisha. Hilo ndilo pindo. Dirisha hilo huitenga picha na kioo, hewa ikapita kati yao, na papo hapo hulipa jicho mahali pa kutua kabla halijaingia mjini. Kwa picha ndogo, sentimeta tano au sita kila upande zafaa, na upande wa chini uzidi kidogo, maana tukipima sawasawa jicho huona kama picha yaporomoka. Rangi ya pindo iwe nyeupe au ya maziwa. Pindo jekundu hugombana na miraba. Nne, mgongo wa fremu uzibwe kwa utepe wa karatasi ili vumbi na wadudu wasiingie, na vipande viwili vya kizibo vigundishwe pembe za chini ili fremu isilale juu ya ukuta wenye unyevu.

Ukuta nao uchaguliwe. Usiwe ule utazamao dirisha la jua, wala wa jikoni, wala ule ambao masika huuchora ramani ya maji. Katika chumba kimoja cha kupanga pengine ukuta mmoja tu ndio unaofaa, nao watosha kwa picha moja.

Mwisho, jambo ambalo halina gharama. Mazulia ya Kairouan hukaguliwa, na yanayofaa hupigwa muhuri wa daraja lake kabla ya kuuzwa. Klee aliandika jina, mwaka na namba. Mzazi naye, kabla ya kumkabidhi fundi picha ya mwanawe, aigeuze na kuandika nyuma yake kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, jina la aliyeichora, umri wake, tarehe, na mahali ilipochorwa. Penseli haififii kwa mwanga wala haipenyi mbele. Mtoto huyo akiwa mtu mzima, na fremu ikifunguliwa ili kioo kisafishwe, ataikuta kazi ya mkono wake ikiwa na rangi zake, na jina lake likisomeka.